Roboti alikataa au roboti ilikataa?

Swali: Huwa naandika tafsiri zinazopita chini ya filamu, hasa zile za bunilizi za kisayansi. Mwenzangu anashikilia kwamba roboti ni mashine, hivyo lazima "roboti ilikataa". Masikioni mwangu "roboti alikataa" inakaa vizuri zaidi. Nani yuko sahihi? (Msomaji, Morogoro)

Jibu: Nyote wawili, ila si kwenye sentensi moja. Roboti ya kiwandani inayochomelea milango ya magari haina ubishi: imeharibika, zimenunuliwa, ngeli ya I-ZI kama mashine nyingine yoyote. Matata yako hadithini, na yalikuwapo tangu neno lenyewe lilipozaliwa.

Karel Čapek, mwandishi wa Kicheki, ndiye aliyelitumia kwanza katika tamthilia yake R.U.R., iliyochapishwa mwaka 1920 na kuchezwa Prague mwaka uliofuata. Kaka yake Josef ndiye aliyempa neno hilo, akilitoa kwenye robota, yaani kazi ya shokoa. Roboti wa Čapek si vyuma. Wamefinyangwa kwa kitu mfano wa nyama, na ukikutana nao utawaamkia. Sasa, Kicheki nacho hutenganisha nomino za kiume zenye uhai na zisizo na uhai: wingi wa robot ukiwa na uhai ni roboti, bila uhai ni roboty. Čapek aliandika roboti. (Kufanana na umbo letu ni sadfa tu, i yetu ni ya kulifanya neno liishie kwa irabu.)

Mapema katika tamthilia hiyo, Domin, mkurugenzi wa kiwanda, anamtambulisha Sulla kwa mgeni wake Helena. Helena hasadiki kwamba Sulla si binadamu. Domin, ili kumhakikishia, yuko radhi Sulla apelekwe akapasuliwe. Kwa Kiswahili mimi ningemwandikia Domin "Ipeleke ikapasuliwe", na Helena "Mnataka kumuua?" Ugomvi wao wote umo kwenye viambishi hivyo. Ukiwapa wote I-, onyesho limekufa.

Mwenzako atasema A-WA ni ya viumbe hai tu. Wasemaji wa Kiswahili hawajawahi kuwa wakali kiasi hicho. Maiti hana uhai, lakini maiti haulizwi sanda. Zimwi linajua watu na linawala, na bado limebaki na LI- yake: zimwi likujualo halikuli likakwisha. Wala kuwa na jina la pekee hakutoshi. MV Liemba inajulikana Ziwa Tanganyika lote, lakini hakuna bandarini atakayekwambia "Liemba ametia nanga".

Kwenye bunilizi hizi, naona kinachovuta A- ni utashi. Chukua HAL 9000, kompyuta ya filamu ya mwaka 1968, 2001: A Space Odyssey. Hana mikono wala miguu, ana jicho la kamera lenye taa nyekundu. Mwanaanga Dave yuko nje ya chombo, anamwomba amfungulie mlango. HAL anakataa, tena kwa upole, na sababu anatoa. "Kompyuta ilikataa kufungua mlango" ni maneno ya fundi, maana yake imekwama. "HAL alikataa" ndiyo filamu yenyewe.

Kwa hiyo msitunge kanuni moja ya filamu nzima. Angalieni ni nani anayesema na anamwonaje huyo roboti. Mhusika akianza na "imeamka" kisha dakika kumi baadaye akasema "ameniona", mtazamaji ataelewa kilichobadilika.

Ukishachagua A-WA, chunga kimilikishi: roboti wangu, kama mbwa wangu. "Roboti yangu alikataa" inaiga rafiki yangu na ndugu yangu, kwa hiyo iweke pale tu unapotaka udugu huo usikike. Na "maroboti" ya mtaani nisingeyafukuza. Maroboti yameasi, yamebomoa mji: kwa yale majitu ya chuma marefu kama maghorofa, ma- hiyo inaongeza ukubwa ambao roboti tupu haina.