Madumu Yana Pua

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: ni msanii gani wa siku hizi aliyekushangaza kwa vitu anavyotumia, na ulimjuaje? Najua wengi watamtaja Tingatinga, na wana haki, maana alipoanza Dar es Salaam mwaka 1968 alichora kwa rangi za baiskeli juu ya hadibodi. Lakini alifariki mwaka 1972, nanyi mmeuliza wa siku hizi. Wangu ni Romuald Hazoumè wa Benin, na nilimjulia dukani kwangu, hapa Mwanga, Kigoma, nimekaa katikati ya madumu ya mawese.

Mtoto wa kaka yangu anayesoma Dodoma alinitumia picha kwenye simu: “Shangazi, madumu yako yamefika Ulaya.” Nikajua utani wake tu. Nilipoikuza ile picha nikakuta ni dumu kweli, lile lile tunalobebea mafuta, limekatwa na kutundikwa ukutani. Mshikio umekuwa pua. Tundu la kumiminia limekuwa mdomo wa mtu, uko wazi kama aliyepewa habari mbaya. Nikainua macho kwenye rundo langu, yote yananitazama! Miaka kumi na minane nauza mawese, mikono yangu imeshika zile pua kila siku, na sikuziona.

Tangu hapo nimemfuatilia. Alizaliwa Porto-Novo mwaka 1962, na madumu yake yanatokana na magendo ya petroli inayoingia Benin kutoka Nigeria kwa pikipiki. Wachuuzi huyapasha moto yavimbe, yabebe zaidi ya kipimo chake. Sisi tungeiita lumbesa ya petroli. Yanavimba na kuvimba mpaka siku moja linapasuka, na aliyekaa juu ya pikipiki ndiye wa kwanza kujua. Huku kwetu ulaghai unakwenda kinyume: kitako kinabonyezwa kwenda ndani, dumu la lita 20 ukilipima unakuta 18. Yamenikuta, na aliyeniuzia alikula yamini kuwa ndivyo yalivyotoka kiwandani.

Kazi yake iliyonikalia rohoni inaitwa La Bouche du Roi, yaani Mdomo wa Mfalme. Ni vinyago 304 vya madumu, vimepangwa sakafuni kwa umbo la meli ya watumwa ya Waingereza iitwayo Brookes, ile iliyochorwa zamani watu wakiwa wamelazwa ubavu kwa ubavu. Kando yake kuna bidhaa za biashara ile: simbi, tumbaku, chupa za pombe. British Museum ya London iliionyesha mwaka 2007, miaka 200 tangu Uingereza ipige marufuku biashara ya watumwa. Niliitazama ile picha kwa jicho la mpakizaji. Najua madumu yanavyopangwa kwenye lori: migongo ikutane, midomo juu, usiachwe upenyo wa kupitisha hata kiganja, maana kila upenyo ni hasara. Ni mpango ule ule. Na mimi natoka Ujiji, ilikoanzia njia ya misafara ya watumwa ya kwenda Tabora hadi Bagamoyo. Siku ile sikupanga mzigo, nilimwachia kijana.

Hapo hapo nina ugomvi naye. Hazoumè anasema anawarudishia wazungu takataka zao, na wanaoandika habari zake wamelishika neno hilo, takataka, takataka. Dumu halijawa takataka Kigoma. Likipata ufa unalipaka sabuni ya kipande, na ufa ukikua unaliziba kwa kisu cha moto. Likishindikana linakatwa: nusu ya chini ya kunyweshea kuku, nusu ya juu inageuka faneli ya kujazia mapipa. Likibaki na rangi ya mawese isiyotoka kwa sabuni yoyote, ndiyo alama ya mwenyewe lisiibwe. Hata hivyo Hazoumè nampenda zaidi kuliko El Anatsui wa Ghana, anayefunga vizibo vya chupa za pombe kwa nyaya za shaba mpaka viwe kama kitenge cha kufunika ukuta wa jumba zima. Kazi ya Anatsui ni nzuri kupita kiasi, ila vizibo mimi sivijui. Dumu nalijua, kwa hiyo namdai.

Nami nilijaribu. Nilichukua bovu moja, nikalitoboa macho, nikalitundika msumarini juu ya mizani. Likakaa wiki mbili. Watoto walilipa jina la jirani mmoja ambaye sitamtaja. Kisha akaja mvuvi wa Kibirizi.

“Mama, lile la ukutani bei gani?”

“Haliuzwi, baba. Hilo sanaa.”

“Nataka la kukumbia maji mtumbwini. Letu limezama jana usiku.”

Nikalishusha. Akaomba kisu, akalikata pale pale kizingitini, chini kidogo ya macho. Mshikio akauacha.