Usingizi wa mchana: dakika ngapi, saa ngapi, na nani aukwepe

Pita Ujiji, hapa Kigoma, baada ya swala ya adhuhuri utakuta watu wamejinyoosha kwenye mikeka, vibarazani na chini ya miembe. Wazee wanaita kailula, na hakuna anayeona ni uvivu. Lakini kuna anayeamka mwepesi na kurudi dukani, na kuna anayeamka saa kumi na moja kichwa kizito, mdomo mchungu, kisha usiku anahesabu boriti. Wote wamelala mchana. Walichotofautiana ni saa na urefu.

Tuanze na saa. Mwili hupitiwa na usingizi mara mbili kwa siku: usiku wa manane, na tena mchana, kwa watu wengi kati ya saa saba na saa tisa. Lepe hilo la mchana huja hata kwa aliyekaa na njaa. Ugali mwingi huliongezea uzito tu. Na saa ya mwili inafuata jua, haifuati saa ya ukutani. Kigoma iko magharibi kabisa mwa nchi, jua huchomoza huku karibu dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na linafika utosini kwenye saa saba. Kwa hiyo mtu wa Kigoma asijilazimishe kulala saa sita na nusu kwa sababu amesoma hivyo mahali. Achague wakati wowote kati ya saa saba na nusu na saa tisa. Ikifika saa kumi hujalala, acha, subiri usiku.

Sababu ya kuacha ni hii. Tangu unapoamka asubuhi, ubongo unajaa taratibu kemikali iitwayo adenosini, na ikishakuwa nyingi ndipo macho yanakuwa mazito. Usingizi huipunguza. Ukilala dakika 20 saa nane, hadi saa nne usiku imejaa tena. Ukilala saa nzima na nusu kuanzia saa kumi na moja jioni, umeshaikomba, na usiku unabaki macho makavu. Kesho yake unaamka umechoka, unalala tena jioni, na mzunguko huo mtu anaweza kuishi nao miaka akidhani ana ugonjwa wa kukosa usingizi.

Urefu: dakika 10 hadi 20. Hapo usingizi bado ni mwepesi na ukiamshwa unaamka mara moja. Baada ya kama nusu saa unaanza kuzama katika usingizi mzito, ule wa pono, na anayeamshwa humo huamka amelewa: haelewi ni asubuhi au jioni, mikono haina nguvu, na hali hiyo inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Ndiyo maana usingizi wa dakika 50 mara nyingi unachosha kuliko wa dakika 15. Kama kweli unalipa deni la usiku uliokesha, lala dakika 90, mzunguko mzima, ili uamke usingizi ukiwa umerudi kuwa mwepesi.

Weka kengele ya simu dakika 25, tano za kutafuta usingizi na 20 za kulala, kisha isogeze mbali na mkono. Kama umetoka kula ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, kaa kwanza nusu saa, la sivyo tindikali ya tumbo itapanda na utaamka na kiungulia. Ukishindwa kusubiri, inua kichwa kwa mito miwili na ulalie ubavu wa kushoto. Mnywaji wa kahawa anaweza kunywa kikombe kimoja, hata hii yetu ya Kalinzi, dakika moja kabla ya kujilaza. Kafeini huchukua kama dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, hivyo inamkuta ndiyo anaamka. Ila baada ya saa tisa asiiguse, kwa sababu nusu yake hubaki mwilini kama saa tano baadaye. Ukiamka toka nje kwenye mwanga, nawa uso, tembea kidogo.

Hayo yote ni ya mtu anayelala usiku. Mvuvi wa dagaa ni habari nyingine, na hapa ndipo ushauri wa kawaida unapowapotosha watu wa Kibirizi na Katonga. Anayekesha ziwani na taa hadi alfajiri, usingizi wake wa mchana ndio usiku wake. Akiambiwa dakika 20 zinatosha, anaambiwa ajiue polepole. Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi katika kila saa 24, na baharia wa mtumbwi wa dagaa hana wa kumsamehe hata moja.

Tatizo lake la kwanza ni jua la asubuhi. Likimpiga machoni wakati wa kuuza, ubongo unaambiwa siku imeanza. Avae kofia pana, amalize hesabu mapema, ale kidogo, na awe kitandani ifikapo saa tatu. Dirishani atundike kitenge kizito au blanketi hadi chumba kiwe giza. Joto ni adui wa pili: chini ya bati, kuanzia saa saba chumba kinakuwa tanuri, na usingizi unakatika. Achague chumba kilicho upande wa kivuli cha mti, aache upepo upite, na alaze kitambaa chenye maji shingoni. Chandarua kishushwe mchana pia, kwa kuwa chumba cha giza mbu hujificha humo. Simu izimwe, na watu wa nyumbani waelewe kwamba kumwamsha saa sita ni sawa na kuwaamsha wao saa sita za usiku. Akipata saa tano na nusu hapo, aongeze dakika 90 jioni kabla ya kushuka mwaloni.

Ndani ya mtumbwi, wakati taa zinavuta dagaa na hakuna la kufanya, walale kwa zamu dakika 20, wakiwa wamevaa maboya, na wawili wabaki macho. Anayeshika injini asiishike mpaka dakika 20 zipite tangu alipoamka. Mbalamwezi ikiingia na uvuvi ukasimama, siku ya kwanza alale dakika 90 tu asubuhi, kisha avumilie hadi saa tatu usiku. Akilala kutwa nzima, ataimaliza mbalamwezi yote akikesha nyumbani bila sababu.

Je, usingizi wa mchana unadhuru moyo? Utafiti wa Ugiriki uliotoka 2007, wenye watu zaidi ya 23,000, uliona waliozoea kulala mchana wakifa kwa maradhi ya moyo kwa uchache kuliko wasiolala. Ule wa Lausanne, Uswisi, wa 2019, uliona nafuu kwa waliolala mara moja au mbili kwa wiki. Kwa upande mwingine, wanaolala zaidi ya saa moja kila siku wameonekana mara kwa mara kuwa na kisukari na maradhi ya moyo zaidi. Tusikimbilie kuulaumu usingizi: mara nyingi ugonjwa ndio unaotangulia na kumlaza mtu.

Kwa hiyo aliyekuwa halali mchana kisha ghafla hawezi kukaa macho, apimwe. Kukoroma kwa nguvu na kukabwa pumzi usiku, kiu na mkojo wa mara kwa mara, viganja vyeupe, homa: kila kimoja kina kipimo chake. Asiyepata usingizi usiku aache kabisa kulala mchana kwa wiki mbili aone. Watoto wasiguswe na katazo hili. Wa mwaka mmoja hadi miwili wanahitaji saa 11 hadi 14 kwa siku, za mchana zikiwemo.

Na kuna moja ambalo mikoa ya Kigoma na Tabora haipaswi kulisahau, ingawa wagonjwa sasa ni wachache sana: malale, ugonjwa wa usingizi unaoenezwa na mbung'o. Warina asali, wafugaji na wawindaji wanaoingia kwenye miombo yenye mbung'o wajue dalili zake. Huanza na homa na kichwa kuuma, wakati mwingine na uvimbe unaouma pale alipoumwa. Baadaye mgonjwa husinzia mchana, hata tonge likiwa mkononi, na usiku hana usingizi. Aina iliyoko huku huenda haraka, wiki au miezi michache, na bila dawa inaua. Kipimo cha malaria kikionyesha hakuna na homa haishuki, mwambie daktari wazi kwamba ulikuwa porini kwenye mbung'o, umwombe damu iangaliwe kwa hadubini.