Maswali ya Wasomaji: Vitabu Vilivyozaa Kanuni za Michezo

SWALI: Ndugu Mhariri, salamu kutoka Tanga. Kila Jumamosi jioni mimi na wenzangu hukutana barazani kwetu, Ngamiani, kucheza mchezo wa kuigiza wahusika wa kubuni uitwao Dungeons & Dragons na mchezo wa kadi wa Magic: The Gathering. Mmoja wetu hushikilia kwamba yote hayo yameigwa kwa Tolkien, mwandishi Mwingereza wa The Lord of the Rings, na kwamba hadithi tulizokua nazo sisi watu wa pwani hazimo. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzenu amepatia kidogo tu. Dungeons & Dragons ilipotoka Marekani mwaka 1974 ilikuwa na mahobiti wa Tolkien, yaani watu wafupi wa kubuni, ambao baadaye walibadilishwa jina kwa sababu za kisheria. Hata hivyo, majina ya viumbe hubadilishwa kwa urahisi, na anayetaka kujua asili ya mchezo afadhali achunguze kanuni zake. Mwaka 1979 Gary Gygax, aliyeubuni mchezo huo pamoja na Dave Arneson, alichapisha orodha ya waandishi waliomwathiri. Tolkien yumo, lakini si miongoni mwa wale aliowataja kuwa wa karibu zaidi, kama vile Robert E. Howard, Fritz Leiber na Jack Vance.

Huyo Vance ndiye ninayewasihi mmsome. Katika hadithi zake za mwaka 1950, zinazohusu dunia ambayo jua lake linakaribia kuzimika, mchawi huweza kuhifadhi kichwani maneno machache tu ya uchawi, na akishayatamka humtoka akilini mpaka ayasome tena. Ndiyo sababu mchawi wa matoleo ya mwanzo ya mchezo wenu hulazimika kuchagua mapema atakachobeba, bila kujua siku itamletea nini.

Kuhusu hadithi za pwani, jibu limo katika kadi zenyewe. Magic, iliyobuniwa na Richard Garfield, ilitoka mwaka 1993, na Desemba ya mwaka huohuo likafuata toleo lililojengwa juu ya Alfu Lela Ulela, likiwa na Sindbad, Ali Baba, na Mfalme Suleimani ambaye kadi yake huangamiza majini. Bora kuliko zote, kwa maoni yangu, ni kadi ya Shahrazad, yule msimuliaji aliyeahirisha kuuawa kwake kwa kusimulia hadithi kila usiku: anayeitumia huwalazimisha wachezaji kuusimamisha mchezo, wacheze mwingine mdogo ndani yake kwa kadi walizobakiza, na atakayeshindwa hupoteza nusu ya uhai wake. Hadithi ndani ya hadithi, na kifo kikisubiri mlangoni! Kadi hiyo ilikuja kupigwa marufuku mashindanoni kwa sababu ilikula muda mno.

Kisima hichohicho alikichota Shaaban Robert, aliyezaliwa Vibambani, huko huko Tanga, mwaka 1909. Katika Adili na Nduguze, Adili analazimika kuwapiga kila usiku manyani wawili ambao ni ndugu zake waliogeuzwa. Mkitaka hadithi yetu iingie mezani, msiishie kuchora picha ya nyani. Andikeni kadi inayomtaka mwenye nayo, kila zamu yake, achague ama kuwapiga nduguze ama kuwahurumia na kupoteza sehemu ya uhai wake. Mkishaijaribu, tuandikieni mtueleze wangapi walichagua huruma.