Shilingi yenye maandishi yaliyozama: kasoro ya kiwandani au jiliwa?

Ndugu, umeuliza kama shilingi yako ya Tanzania ya mwaka 1966, ambayo shavuni mwa Mwalimu Nyerere pana maneno "SHILINGI MOJA" yaliyozama na kusomeka kinyumenyume, ni kasoro ya kiwandani inayostahili bei kubwa. Kwa picha ulizoweka, naamini sarafu hiyo ilibanwa baada ya kutoka kiwandani. Naeleza kwa urefu kwa sababu niliwahi kununua ya namna hiyohiyo kwa shilingi elfu sitini, nikiamini maneno ya muuzaji, na iliniuma sana nilipoelewa.

Sarafu hupigwa kwa mihuri miwili ya chuma kigumu, mmoja juu na mwingine chini, kipande kitupu kikiwa katikati na kuzungukwa na pete inayokizuia kutanuka. Ikitokea kwamba sarafu iliyokwisha kupigwa imenata kwenye muhuri wa upande wa mwenge, yaani upande wa pili wa shilingi usio na kichwa, kipande kinachofuata hakitaugusa muhuri huo. Kitakandamizwa kwenye uso wa sarafu iliyonata, ambao una kichwa cha Mwalimu. Kwa hiyo kasoro ya kweli ya aina hii huwa na kichwa pande zote mbili: upande mmoja kimeinuka kama kawaida, upande wa pili kimezama na kugeuka kama kwenye kioo, na mwenge hauonekani. Yako ina kichwa upande mmoja na mwenge upande mwingine, na maneno yaliyozama yamelala juu ya shavu lililokuwa limekwisha kuchorwa. Tazama pia nywele na sikio: sehemu zilizopaswa kuinuka zimelala bapa, na ukingo umevimba kwa kuwa hapakuwa na pete ya kuuzuia. Hayo ndiyo matokeo ya kuweka sarafu mbili pamoja kwenye jiliwa na kukaza, au kuzigonga kwa nyundo.

Tangu siku ile, kabla ya kuuliza bei ya sarafu yoyote ya ajabu, najiuliza chuma kimekwenda wapi, na kilikwenda lini. Chukua senti ishirini yenye mbuni iliyomeguka pembeni kwa umbo la mwezi mchanga. Kama kipande kitupu kilikatwa kikiwa tayari na pengo hilo, herufi zilizo karibu nalo hufifia au huvutika kuelekea pengoni, na mara nyingi mdomo wa sarafu upande ulio mkabala nalo huwa dhaifu, kwa sababu mashine ya kuinua mdomo haikupata cha kuegemea. Iliyokatwa kwa mkasi au tupa huacha herufi zimekatika ghafla, na lenzi huonyesha mikwaruzo.

Senti kumi za Afrika Mashariki za enzi ya ukoloni zinahitaji uangalifu zaidi. Tundu lao la katikati lilitobolewa kabla ya kupigwa, hivyo chache zilizopita bila kutobolewa ni kasoro halali na zinatafutwa. Lakini tundu huzibwa pia na mafundi. Geuza sarafu taratibu kwenye mwanga wa pembeni: ukiona duara jembamba la kiungo, au rangi ya katikati ikitofautiana na ya pembeni, achana nayo.

Niseme pia kuhusu heller, sarafu ndogo za koloni la Wajerumani, za Tabora za mwaka 1916, maana watu huziuza kama kasoro kila zinapokuwa na ufa au chapa hafifu. Wajerumani walizipiga katika karakana ya reli wakati wa vita, kwa shaba na shaba ya njano, na udhaifu huo ni hali yao ya kawaida.

Shilingi yako usiisafishe wala usiinyooshe. Ukipata lenzi ya kukuza mara kumi, piga picha ya ukingo mzima uiweke hapa; nikikuta ukingo haukutanuka, nitarudia kuichunguza na kusahihisha nilichoandika.