Mjomba, hili gari bovu la mtaani tulifanyeje?

Barua za magari zimekuwa nyingi sana, kila mtaa una lake, kwa hiyo leo mjomba najibu hizo tu na za ndoa zitasubiri.

SWALI: Shikamoo mjomba. Naishi Tabata. Mtaani kwetu kuna Hiace iko juu ya mawe toka kabla ya korona, matairi hamna, vioo vimepasuka, mvua ikinyesha maji yanajaa humo ndani. Mchana watoto wanaingia kucheza, usiku mateja wanalala. Mwenye nayo alishafariki, na watoto wake hawaelewani, ukimuuliza huyu anakwambia kamuulize yule. Sasa vijana wa mtaa wanasema tuikate tuuze skrepa, hela tufunge taa za mtaani. Mi naogopa. Tufanyeje? – Mama wa Tabata

JIBU: Marahaba mwanangu. Unaogopa kitu cha kweli kabisa, waambie hao vijana waache, tena leo hii. Gari hata libaki bodi tupu lina mwenyewe, na mwenyewe akifa lina warithi, mkilikata mkauza huo ni wizi haijalishi hela mmefungia taa au mmechangia msiba. Atatokea mtoto mmoja wa marehemu na kadi ya gari mkononi, nyie wenye nia njema ndo mtalala polisi na aliyenunua chuma chakavu ataunganishwa humo humo.

Andikeni barua. Najua watu mnapenda kwenda kuongea na mwenyekiti barazani kwake, anasema nimesikia ntalifanyia kazi, afu basi, mwaka unapita, na mwenyekiti akibadilika mnaanza upya. Barua inabaki kwenye faili. Isiwe ndefu: gari aina gani, rangi gani, namba yake kama pleti bado ipo, limekaa toka lini, linaziba nini, na majirani kadhaa wasaini na namba zao za simu. Bandikeni na picha. Ipelekeni ofisi ya serikali ya mtaa, mkabidhini mtendaji, nakala yenu igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe. Hiyo nakala itunzeni vizuri, maana mkienda kwa mtendaji wa kata na baadaye halmashauri (nyie wa Tabata ni Jiji la Dar es Salaam, ile tuliyozoea kuiita Manispaa ya Ilala mpaka 2021) swali la kwanza mtakaloulizwa ni kama mlianzia mtaani.

Nakala nyingine ipelekeni TARURA, hao ndo wenye barabara zetu za mitaani toka 2017. Kama gari lingekuwa kando ya barabara kuu ningewaambia TANROADS. Watu wengi wanazunguka miezi kwenye ofisi ambayo hiyo barabara wala siyo yake, wanarudi wamechoka wanasema serikali haisikii, kumbe waligonga mlango wa jirani.

Kuhusu hao watoto wa marehemu. Kwa sheria hakuna mmoja wao anayeweza kuliuza wala kubadilisha jina TRA mpaka mahakama imteue msimamizi wa mirathi, na familia ikigombana hiyo inaweza kuchukua muda mrefu sana. Lakini nyie wana mtaa hamhitaji wamalize mirathi! Mnahitaji gari litoke barabarani. Mwombeni mwenyekiti awaite wote siku moja, na ajenda iwe hiyo tu, litavutwa lipelekwe wapi na hela ya breki dauni inatoka kwa nani. Likienda kukaa uani kwa mmoja wao wakati wanaendelea na kesi yao hamna aliyepoteza haki yake. Mwenyekiti akiruhusu tu mtu aanze kuongelea nyumba na viwanja kikao kimekufa. Wakikubaliana yaandikwe na wasaini wote.

Kingine mwanangu, hayo maji ya mvua usiyachukulie poa. Dar tumeshapigwa na dengi, 2014 na tena 2019, na mbu wake anang'ata mchana, anataga kwenye maji yaliyotuama kwenye matairi, makopo, mabodi ya magari kama hilo. Kwa hiyo kuna mlango mwingine, afisa afya wa kata. Mpelekeeni malalamiko ya mazalia ya mbu, mwambieni aje aone kwa macho. Mara nyingi suala la afya linatembea haraka kuliko suala la maegesho.

Na watoto, tafadhali sana. Gari lililofungwa likiwa juani linapata joto kali ndani ya muda mfupi, na mtoto mdogo akijifungia humo anaweza asijue kutoka. Hili msisubiri barua. Mwiteni mwenyekiti, na mbele yake mfunge milango kwa waya na kuziba hivyo vioo, bila kung'oa wala kuhamisha kitu.

SWALI: Mjomba habari za kazi. Jirani yetu hapa Mbagala ana Fuso, kila jioni analilaza kwenye kona ya kuingilia mtaani, bajaji tu ndo inapenya. Juzi mgonjwa ilibidi abebwe kwenye kiti mpaka barabarani. Vijana wanataka kumtoa upepo. – Baba Neema

JIBU: Salama baba Neema, poleni na mgonjwa. Kumtoa upepo msifanye, Fuso lenye matairi yasiyo na upepo ndo haliondoki kabisa, na kesi inageuka yeye anakuwa mlalamikaji. Nendeni kwake wazee wawili watatu, siyo usiku wakati amechoka na siyo kwa kelele, mumweleze la mgonjwa na mumuulize siku nyumba ikiwaka zimamoto watapitia wapi, maana na yeye analala humo humo mtaani na wanawe. Wengi wanalaza lori karibu na nyumba kwa kuogopa wezi wa betri na mafuta, kwa hiyo msaidieni kutafuta yadi au sheli yenye mlinzi ya kulipia usiku. Akikataa, kuacha gari sehemu inayozuia au kuhatarisha wengine ni kosa kwa Sheria ya Usalama Barabarani, ile ya 1973, haijalishi geti la nyumba yake liko pale. Pigeni picha pleti ionekane, na mmshirikishe mwenyekiti awaite trafiki wa kituo chenu waje likiwa limepaki. Wakija asubuhi limeshaondoka watakuta kona tupu.

SWALI: Mjomba mi ni fundi, nina gereji ndogo pembeni ya barabara. Wateja wanaleta magari, nafungua injini, wanasema naenda kutafuta hela ya spea, harudi, simu hapokei. Lawama za mtaa zote kwangu. – Fundi, Temeke

JIBU: Nakuelewa fundi, na wanaowaita gereji bubu hawajui hii shida. Ila barabara siyo stoo yako, kama eneo linatosha magari matatu usipokee la nne. Kuanzia sasa usiguse nati kabla mteja hajakuachia kopi ya kitambulisho na ya kadi ya gari, na namba ya ndugu yake mmoja, na mmesaini kwamba akizidisha muda fulani analipia maegesho. Yale yaliyopo tayari, orodhesha yote na umpelekee mtendaji wa mtaa kabla majirani hawajakuripoti. Usiuze hata taa moja kufidia deni lako, dai hilo peleka mahakama ya mwanzo.