Muulize Fundi: Vibaka wamechuna kopa ya televisheni ya babu

SWALI: Shikamoo Fundi. Babu yetu, Mungu amrehemu, alituachia televisheni ya chogo, Sony Trinitron yenye kabati la mbao. Aliinunua Unguja miaka ya 1970, akavuka nayo kuja Dar. Tulikuwa tumeihifadhi stoo ya uani hapa Magomeni. Mwezi uliopita vibaka wamevunja stoo. Pampu ya maji wameondoka nayo. Televisheni wameiacha, lakini wameifungua mgongo, wamekata nyaya na kunyofoa lile duara la kopa lililokuwa limevaa shingo ya kioo. Waya wa umeme nao haupo. Kioo chenyewe sioni ufa. Mjomba anasema tuitupe, shangazi anataka tuwape wale wa mkokoteni wa vyuma chakavu, angalau ipatikane hela ya sukari. Mimi roho inaniuma. Inapona hii? – Mjukuu, Magomeni

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu, na poleni. Kabla ya yote: msiichomeke kwenye umeme. Mwambie mjomba naye asiichomeke eti aone kama inawaka. Sababu nitakupa mbele.

Hao waliowaingilia hawajui televisheni, wanajua kopa. Kwenye chogo kopa inakaa sehemu chache: yoki, ndiyo hiyo iliyovaa shingo ya kioo, koili ndefu inayozunguka ukingo wa kioo kwa nyuma, transfoma, waya wa umeme, na waya mmoja uliosukwa, usio na ganda, unaopita mgongoni mwa kioo. Bodi za saketi mara nyingi wanaziacha kwa sababu hazilipi kwenye mizani ya mtaani. Kwa hiyo walichobeba ni hela ya chai, na walichoacha ndiyo televisheni yenyewe, mradi kioo kiwe hakijaingia hewa.

Anza hapo. Ndani ya kile kioo kuna ombwe, na shingo ndiyo sehemu dhaifu kuliko zote. Yoki imebanwa shingoni kwa bangili yenye skrubu, pengine na gundi juu yake. Mwizi mwenye haraka halegezi skrubu, anavuta tu. Chukua tochi utazame ncha ya shingo. Utaona pini zimejipanga duara, na katikati yake kichuchu cha kioo kilichozibwa kiwandani baada ya hewa kunyonywa. Kikivunjika hicho hewa inaingia, na kwa mbele kioo kinabaki kizuri vilevile, huoni ufa wowote. Kisha mulika ndani ya shingo, pale inapoanza kupanuka. Kuna doa la dawa iliyowekwa kumeza mabaki ya hewa. Likiwa linang'aa rangi ya fedha au nyeusi ya kumetameta, una bahati. Likiwa limepauka likawa jeupe, kioo kimekufa, na fundi atakayekuambia anaweza kukijaza upya hapa mjini anataka advansi yako tu.

Kama doa linang'aa, weka mita kwenye pini mbili za hita, ule waya mdogo wa ndani unaopasha moto shingo ifanye kazi. Ukipata omu chache, hita haijakatika. Hapo mwambie shangazi hela ya sukari aitafute kwingine.

Una bahati nyingine ambayo huijui. Televisheni nyingi za rangi za miaka ile zilikuwa na bunduki tatu za elektroni zilizopangwa pembetatu shingoni, na kuzilinganisha baada ya kubadili yoki ilikuwa kazi ya kutwa nzima, fundi ana kioo cha kujitazama mbele ya televisheni na bisibisi nyuma yake. Trinitron, ambayo Sony waliitoa mwaka 1968, ina bunduki moja yenye kathodi tatu zilizokaa mstari mmoja. Marekebisho yake ni machache. Utaitambua hata ikiwa imezimwa: kioo chake kimepinda kushoto kwenda kulia tu, juu kwenda chini kimenyooka.

Sasa nyaya. Hapa ndipo watu wanapoharibu mali zao wenyewe. Mtu anaona vile vipande vya waya vilivyokatwa, anachukia, anavinyofoa vyote ili "kusafisha", halafu anamletea fundi bodi safi isiyo na kumbukumbu yoyote. Vile vipande ndiyo ramani. Waya mwekundu uliobaki sentimita moja kwenye bodi unamtafuta mwekundu mwenzake upande wa pili. Usivute hata kimoja. Piga picha kwa simu, mchana, kwa karibu, kila bodi pande zote mbili, kila soketi, na hata alama za vumbi zinazoonyesha waya ulipokuwa umelala. Vumbi la miaka arobaini linaacha mstari safi mahali waya ulipokuwa. Mende nao huacha alama zao, wala usione haya kumletea fundi picha zenye mende, sote tumewazoea. Ukimaliza picha, okota kila kipande kilichoanguka sakafuni mwa stoo, hata skrubu, ukitie kwenye bahasha.

Kuibeba: kioo kitazame chini, juu ya godoro au blanketi zito. Usiinue kwa kushika shingo hata kwa sekunde moja. Vaa miwani ya kukinga macho, maana kioo chenye ombwe kikipasuka vipande huvutwa ndani kwanza, kisha hurukia pande zote. Na ingawa imelala miaka stoo, fundi ataitoa chaji kabla ya kuigusa: bisibisi yenye mpini wa plastiki, waya umefungwa kwenye chuma chake, ncha ya pili kwenye ule waya uliosukwa wa mgongoni, kisha anapenyeza bisibisi chini ya kikombe cha mpira kilicho ubavuni mwa kioo. Ikifanya kazi hapo panapita kama volti 20,000. Atarudia baada ya dakika chache, kwa sababu kioo hujirudishia chaji kidogo chenyewe. Kama waya uliosukwa nao umeibwa, inabidi urudishwe kabla ya chochote. Ndio unaoshikisha chasisi na rangi nyeusi ya grafiti iliyopakwa nje ya kioo, na ukikosekana umeme mkubwa utajitafutia njia, pengine kupitia transista za bodi ya picha.

Sababu ya kutochomeka ni hii. Yoki ndiyo inayopeleka mionzi ya elektroni kushoto, kulia, juu na chini. Bila yoki, kama umeme mkubwa utapatikana, mionzi yote inapiga nukta moja katikati na kuunguza unga wa rangi mahali hapo. Doa hilo halifutiki. Isitoshe, koili za yoki ni sehemu ya saketi ya flaibeki, ile inayotengeneza umeme mkubwa. Ukiziondoa hesabu yote inavurugika, na transista ya mlalo inaweza kuungua palepale.

Yoki ya pili utaipata wapi? Nenda kwanza kwa wanunuzi wa skrepa wa maeneo yenu, na nenda mapema, kwa sababu koili huchomwa moto ili varnishi na plastiki vitoke kopa ibaki tupu. Lakini usiende peke yako ukiwa na hasira. Chukua RB kituo cha polisi, mwone mwenyekiti wa serikali ya mtaa, muende pamoja. Mwezi mmoja ni mwingi, sikupi matumaini makubwa. Ukikosa, tafuta mzoga: chogo nyingine ya Sony ya ukubwa uleule na umri wa karibu, iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Mafundi wa Kariakoo wanazo juu ya makabati. Watu walizitelekeza flati zilipoingia, hawakurudi hata kuziulizia.

Usikubali yoki yoyote ilimradi inaingia shingoni. Lazima unene wa shingo ulingane, pembe ambayo kioo kinapanukia kutoka shingoni ilingane, na koili za mlalo (za kushoto na kulia) na za wima (za juu na chini) ziwe na vipimo vinavyokaribiana na za zamani. Za mlalo kwa kawaida omu zake ni chache sana kuliko za wima. Yoki isiyoendana itakupa picha nyembamba, pembe zenye rangi za ajabu, au moshi. Hata ile inayoendana itahitaji kusogezwa mbele na nyuma taratibu, kisha pete za sumaku za shingoni zizungushwe mpaka nyekundu iwe nyekundu kioo kizima. Kabla ya kuing'oa kwenye mzoga, muombe fundi apige alama kwa kalamu mahali ilipokaa na mahali kila pete ilipo. Mimi huwa naomba huo mzoga wote nibaki nao. Mwenye duka akikataa, basi aniuzie hiyo yoki ikiwa na angalau sentimita kumi za waya; akikataa na hilo, naenda kwa jirani yake.

Koili ya ukingoni inaweza kusubiri. Kazi yake ni kuondoa usumaku kwenye kioo kila unapowasha. Bila hiyo utaona madoa ya rangi, lakini fundi mwenye koili ya mkono anayaondoa kwa dakika mbili. Transfoma na waya wa umeme si tatizo.

Siku ya kuwasha, balbu ya wati 100, ile ya zamani ya waya na si ya LED, iungwe mfululizo na televisheni, yaani umeme upite kwenye balbu ndipo ufike kwenye televisheni. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, kuna shoti, zima. Ikimulika kidogo kisha ikafifia, endelea. Kapasita kubwa za umeme zibadilishwe zote bila kuziuliza hali. Unyevu wa Dar na chumvi ya bahari haviziachi salama. Na chasisi ya televisheni hizi mara nyingi imeungana moja kwa moja na umeme wa ukutani, kwa hiyo mgongo ukiwa wazi watoto wakae mbali.

Ikiwaka haitakuonyesha kitu. Matangazo ya analojia yalizimwa Dar tarehe 31 Desemba 2012, na babu aliinunua zama ambazo Televisheni Zanzibar ina rangi na sisi Bara hatuna kituo hata kimoja, tukasubiri mpaka 1994. Kwa nyuma ina tundu la antena tu. Njia rahisi ni deki ya video ya kanda: ingiza nyaya tatu za king'amuzi kwenye deki, toa waya wa antena kutoka deki hadi televisheni, kisha zungusha kitufe cha UHF taratibu karibu na chaneli 36. Deki mbovu isiyocheza kanda inatosha, ilimradi inawaka.

Kama kioo kimekufa, msikivunje. Kina madini ya risasi ndani ya glasi yake. Bodi mpe fundi, kabati baki nalo. Ila mkilitoboa mkafanya tangi la samaki kama nilivyoona kwenye baa moja Sinza, msiniandikie tena.

SWALI: Fundi, mimi nanunua skrepa Tandika. Vijana wananiletea koili za TV na nyaya, wengine naona kabisa si za kuokota. Nitajuaje? – Mwenye Mizani

JIBU: Nashukuru umeuliza, wengi wenu hawaulizi. Tazama ncha za waya. Koili iliyotolewa na fundi ina lehemu kwenye ncha au plagi yake nzima. Ya wizi imekatwa kwa koleo, kila waya urefu wake, na mara nyingi kipande cha plastiki kimevunjikia hapo. Kopa mbichi inayong'aa kwenye mkato maana yake imekatwa juzi. Waya mrefu mnene uliokatwa pande zote mbili usiupokee kabisa.

Andika jina, namba ya kitambulisho cha NIDA na simu ya kila anayekuuzia, mbele yake. Mwenye mali yake hatakataa. Kanuni ya Adhabu haimshiki mwizi peke yake, inamshika na anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba imeibwa. Na wewe umeshaniandikia kwamba unaona.

Jingine ambalo hukuuliza: acha kuchoma nyaya nyuma ya banda. Moshi wa ganda la PVC una asidi inayokula mapafu yako kwanza kabla ya ya jirani, na kopa iliyoungua huuzwa kwa bei ya chini kuliko iliyomenywa. Tafuta kisu kikali na ubao wenye mfereji, mpe kijana mmoja kazi hiyo.