Jibu: Kijana anatoka makao ya watoto bila cheti cha kuzaliwa

Habari, ndugu. Umeuliza kijana wako atokeje kwenye makao ya watoto hapa Moshi akitimiza miaka 18, ilhali hana cheti cha kuzaliwa wala ndugu anayejulikana.

Kabla ya kutafuta chumba, anzeni na cheti: mwoneni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri mapema, jalada la kijana likiwa bado linapatikana, awaandikie barua ya kupeleka RITA, wakala wa serikali unaotoa vyeti vya kuzaliwa. Bila cheti, kupata namba ya NIDA (ya kitambulisho cha taifa) husumbua, na bila namba hiyo hawezi kusajili laini kwa jina lake, hivyo hata ujira wa kibarua utapitia simu ya mtu mwingine (nimeona fedha zikiishia huko). Mafunzo ya ufundi ya VETA yanaweza kusubiri muhula mmoja. Chumba kiwe karibu na mlezi wake, Jumapili apate pa kula.